Picha ya Susu, Namba Yangu

Mitaboni, vuli ya 2009

Jumapili, 4 Oktoba

Nimerudi nyumbani na mfuko mmoja na kitabu hiki. Kiwanda cha nguo cha Athi River kimetupumzisha hadi Januari, na kitabu nilipewa huko cha kuandikia kasoro: uzi uliolegea, kifungo kilichopinda, mshono uliokimbia. Ndiyo kazi yangu, kukagua. Kurasa zilizobaki siwezi kuziacha bure, kwa hiyo nitaandika habari za hapa, nione kama nyumbani kuna kasoro chache kuliko kiwandani.

Mvua hakuna. Vumbi limeingia hadi kwenye sufuria. Mama anasema redio imeahidi El Nino, lakini yeye aliacha kuamini redio tangu ilipoahidi unga wa bei nafuu.

Baba alinipokea mlangoni kwa kelele. "Mwaitu! Umekuja!" Mwaitu ni "mama yangu" kwa Kikamba. Asiyetujua atashangaa mwanamume wa miaka hamsini na tisa kumwita binti yake mama, ila huku si ajabu. Mimi ni Nduku, nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo mimi ni mama yake na mambo yameishia hapo. Ameniita hivyo tangu nikiwa mgongoni. Hata siku za kunichapa alikuwa akisema kwanza, "Mwaitu, nisamehe," ndipo kiboko kishuke.

Baada ya chakula akaniita kando na kutoa simu. Baba ni daktari wa ng'ombe, yule wa kudunga mbegu. Vilima vyote hivi hadi Kathiani, ng'ombe akitaka dume wanampigia Urbanus, naye hufika na pikipiki na mtungi wake wa baridi wa kuhifadhia mbegu. Simu yake si kama zetu. Ni ile pana, ya kalamu, yenye vitufe vidogo kama punje za mtama, aliyopewa na mradi wa maziwa kabla mradi haujafungwa. Ndani yake wamo wafugaji wote, kila mtu na picha yake, na kalenda ya kumwambia leo ni kwa nani na kesho ni kwa nani. Sasa kioo kimeingia mstari mweusi, na betri imevimba hadi kifuniko hakifungi. Ameizungushia rababendi.

"Hii ikikufa, na mimi nimeisha," akasema. "Toa kila kitu uweke kwa ile kompyuta ya Justus."

Nikacheka, nikamwambia watu waliishi kabla ya simu. Yeye hakucheka.

Jumanne, 6 Oktoba

Kompyuta ya Justus imekaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, kama bibi harusi anayengoja kufunuliwa. Justus ni kaka yangu, yuko Marekani, na aliponunua mpya alitutumia hii ya zamani. Ni nyeupe, safi, na ina ukaidi wake. Nimeunganisha waya, upande huu simu, upande huu kompyuta. Simu ikasema imeona kitu. Kompyuta ikasema haijaona kitu. Tukakaa hivyo asubuhi nzima, Baba amesimama nyuma yangu akipumulia shingo yangu.

"Zimeongea?"

"Bado, Baba."

"Sasa?"

Simu inataka kompyuta za ile aina nyingine, zile zilizojaa kila saiba, duka la intaneti, huko mjini. Hii nyeupe haiijui hata jina.

Jumatano, 7 Oktoba

Hakuna mvua. Hazijaongea.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nilienda Machakos kwa Mike. Tulisoma pamoja, sasa ana saiba na tumbo. Akaigeuzageuza simu ya Baba, akatikisa kichwa.

"Nduku, hii simu na hiyo kompyuta yenu ni kama wewe na mimi. Tunasalimiana tu, hatuoani."

"Na nani alikuambia kuna mtu anakutaka?"

"Ndiyo nasema! Sasa, ilikuja na CD. Iko wapi? Na hiyo CD naweza kutoa hizi vitu niweke kwa mashini yangu, halafu tutafute njia ya kupeleka kwa yenu."

CD najua iko wapi. Mama ameitundika shambani kwa uzi, pamoja na za kwaya, kufukuza ndege. Inang'aa vizuri sana na imekwaruzika yote. Mike alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniahidi kutafuta kwenye mtandao programu ya kuzipatanisha moja kwa moja. Anaita kusinki. Mimi naita kupatanisha wakwe.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mama amepanda kwenye vumbi. Mahindi, maharagwe, kunde. Anasema mbegu zikiwa chini ndipo Mungu huona haya. Mgongo unaniuma.

Jioni Baba ametoka sokoni na kikaratasi kilichokunjwa vizuri, akanipa kwa mikono miwili. "Mwaitu, nimekuletea ugoro."

Susu, yaani nyanya yangu niliyepewa jina lake, alipenda ugoro kuliko chai. Tukacheka wote. Nikajifanya kuvuta, nikapiga chafya ya uongo, hata nikamwambia, "Mwanangu, ubarikiwe." Mama alicheka akipangusa macho. Kikaratasi nimekiweka dirishani.

Jumamosi, 17 Oktoba

Loise, jirani wa ng'ambo ya kijito, amenipigia. "Nduku, jana baba yako alidunga ng'ombe yangu. Leo amekuja kudunga hiyo hiyo. Nikamwambia, akacheka akasema ni simu."

"Ni simu," nikamjibu. "Imeharibika. Tunaishughulikia."

Nikamkasirikia Mike kwa kuchelewa.

Jumatano, 21 Oktoba

Mvua! Ilianza mchana, matone makubwa yenye harufu ya udongo. Mama alisimama uani akalowa kwa makusudi. Baba aliketi barazani na simu mkononi, akiangalia picha za watu moja moja na kutaja majina kwa sauti ndogo. Nilidhani anasali rozari.

Jumapili, 25 Oktoba

Mike amekuja baada ya misa na programu kwenye flashi. Imefanya kazi nusu. Majina yalipita, kalenda ikapita, tukashangilia na Baba akaagiza kuku achinjwe.

Jumanne, 27 Oktoba

Tulishangilia mapema. Kompyuta bado iko saa za Marekani, saa za Justus, nasi hatukuangalia. Ilipopatana na simu ikazihamisha ahadi zote. Ng'ombe wa asubuhi wakawa wa usiku, wa alfajiri wakarudi jana. Leo Baba amefika kwa mtu siku isiyo yake, na ng'ombe aliyemngoja hapa Mitaboni amepitwa na wakati wake wa kudungwa. Mwenye ng'ombe amemtukana kwenye simu.

Nimebadilisha saa, nimerekebisha kalenda kwa mkono, ahadi baada ya ahadi. Baba alikaa kando yangu. Kila nikimwuliza, "Hii ilikuwa saa ngapi?" alijibu, "Angalia simu." Nikamwambia simu ndiyo imeharibika, Baba, nakuuliza wewe. Akasema anaenda kuangalia mtungi.

Alhamisi, 29 Oktoba

Siku ya soko. Ameleta ugoro tena. Safari hii sikupiga chafya, nilikuwa na shughuli. Nikamwambia aweke dirishani.

Jumatatu, 2 Novemba

Mvua kila siku. Mahindi yametoka yamejipanga kama watoto wa shule. Baba amepotea akienda Kathiani, njia aliyopita maisha yake yote. Amesema ni ukungu. Kweli kulikuwa na ukungu.

Ijumaa, 6 Novemba

Ugoro. Dirishani sasa kuna vikaratasi vitatu, na Mama amevitafutia mkebe.

Jumatatu, 9 Novemba

Leo simu na kompyuta zimeelewana kabisa. Naandika hapa ili niamini.

Shida iliyobaki ilikuwa ya majirani kuzaliana. Kila mara tuliposhindwa, programu iliacha nakala, hata Loise alikuwepo mara tatu, na kila Loise na ng'ombe yule yule. Mike alinionya kwa simu: "Itakuuliza kama hao ni mtu mmoja ama wawili. Usikimbie. Angalia moja moja."

Nikaangalia moja moja, kwa muda. Halafu mikono ikazoea. Namba moja, majina mawili: ni mtu mmoja? Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Nilikuwa nimeshapita ndipo nikaona nilichofanya. Baba alikuwa na kadi mbili za simu zenye jina Nduku. Moja ni yangu, na picha yangu nikiwa na koti la kiwandani. Nyingine ni ya Susu. Alikuwa amepiga picha ile picha yake ya ukutani, mwenye kitambaa kichwani na jicho moja limefinywa na jua, na chini yake, mahali pa namba, akaweka namba yangu. Susu alikufa kabla simu za mkononi hazijafika huku. Kompyuta ikauliza kama sisi ni mmoja, nikasema ndiyo, ikatuunganisha. Koti langu limefutika. Imebaki sura ya Susu na namba yangu.

Baba alikuwa zizini na simu yake bado iko kwenye waya kando yangu, nikaipigia ili nione. Simu yake ikalia na Susu akatokea, ananikonyeza. Nikamwonyesha Mama, tukacheka. "Huyo mzee na mchezo wake," akasema Mama, lakini alirudi jikoni upesi.

Nitatenganisha kesho. Leo nimechoka, na vingine vyote vimekaa sawa.

Jumanne, 10 Novemba

Palizi. Sikuigusa kompyuta.

Ijumaa, 13 Novemba

Tangu jana sijalala. Nitaandika yote kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio.

Jana alasiri nilikuwa sokoni Mitaboni kununua mbolea. Mvua ikashuka ya kukata na shoka. Nikajibanza kwenye kibaraza cha duka, maji yananipiga miguuni, nikampigia Baba.

"Njoo unichukue. Nimenyeshewa, nasikia baridi."

Akajibu kwa sauti ambayo sikuizoea. "Mwaitu? Ni wewe?"

"Ni mimi. Njoo haraka."

"Nakuja, Mwaitu. Kaa hapo hapo. Usitoke, nakuja kukuchukua." Sauti ilikatikakatika. Nilidhani ni mtandao.

Nilingoja hadi mvua ikaisha, nikapanda kilima kwa miguu na mbolea kichwani, nikimtukana kimoyomoyo. Nyumbani Mama akaniuliza, "Mbona uko peke yako? Baba yako ametoka kitambo, mbio, bila koti. Amebeba blanketi."

"Blanketi ya nini?"

"Nimemwuliza. Amesema mama yake ananyeshewa."

Mama aliyasema hayo akiangalia chini.

Simu yake ilikuwa imezima. Wanaume wa hapa walitafuta hadi kijitoni, Padre akatangaza kwa spika ya kanisa. Hakuna. Kulipopambazuka, simu yangu ikalia, na jina ni lake.

Alikuwa mwanamke. "Haloo. Naitwa Mutindi, niko na duka ya kuchaji simu hapa Kithyoko. Kuna mzee amefika amelowa, amenipatia simu nimchajie. Nimeona mtu wa mwisho kuongea na yeye ni wewe. Nilitafuta picha nikaona mama mzee. Lakini sauti yako ni ya msichana. Naongea na mama yake?"

Kithyoko! Huko ng'ambo ya Matuu, karibu na mto Tana, ndiko Baba alikozaliwa na ndiko Susu alikozikwa. Familia ilihama tukiwa wadogo. Alikuwa ameendesha pikipiki kwenye mvua njia yote ile.

"Anasema amekuja kuchukua mama yake," akaendelea Mutindi, "lakini haoni nyumba. Watu wanamcheka. Wewe ni mama yake ama hapana?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi. Mwambie asiondoke, nakuja."

Mike alifunga saiba, akaazima gari la mjomba wake, akanipeleka bila hata mzaha mmoja. Mutindi alikuwa amempa chai, lakini chai ilipoisha Baba aliondoka, na yeye akamfuata kwa mbali hadi kwenye kiwanja chetu cha zamani. Nyumba ya Susu ilishaanguka. Hakuna kilichobaki ila mafiga yake matatu katikati ya majani, na Baba alikuwa ameketi juu ya moja, blanketi limekunjwa magotini. Lilikuwa limelowa chapachapa na bado amelikunja vizuri.

Akaniona. Uso wake ulivyofunguka, sijawahi kupokelewa hivyo na mtu yeyote duniani.

"Mwaitu! Nimekutafuta. Nyumba imeenda wapi?"

Hapo nikafanya jambo nililodhani ni la haki. Nikapiga magoti, nikamshika mikono. "Baba, mimi ni Nduku, binti yako. Susu alikufa. Tulimzika hapa. Wewe mwenyewe ulitupa udongo wa kwanza."

Akaniangalia. Nikaona habari ikimfikia polepole. Kisha akalia. Hakulia kilio cha mzee anayekumbuka. Alilia kama mtu aliyeletewa habari leo, akauliza alikufa lini, na alikuwa na nani, na kwa nini hakuna aliyemwambia. Mike alienda akasimama nyuma ya gari.

Jumatatu, 16 Novemba

Hospitali, Machakos. Daktari kijana, mpole, alimwuliza Baba mwaka huu ni gani, na tuko mji gani, akamwomba achore saa. Baba aliyechora mishipa ya tumbo la ng'ombe kwenye ubao wa semina alichora duara, akaweka namba zote upande mmoja.

Daktari alisema akili yake inachakaa kabla ya wakati, na kwamba ugonjwa huu ulianza zamani, si mwaka huu. Dawa ya kuurudisha nyuma haipo. Pikipiki, hapana. Mtungi na sindano, hapana.

Njiani nikamwuliza Mama kama alijua.

"Mwezi wa nne aliniuliza mimi ni bibi ya nani," akasema. "Nikamwambia, yako. Akasema, sawa, basi nipatie chai."

"Na hukutuambia?"

"Ningewaambia mngemnyang'anya kazi. Urbanus bila ng'ombe za watu ni nani? Nikaona hiyo simu inamshikilia. Inamwambia aende wapi, inamwonyesha mtu ni nani. Nikasema, Mungu, hiyo simu isikufe."

Nilimkasirikia, nikamkasirikia sana.

Jumatano, 18 Novemba

Nimerudi nyuma nikasoma niliyoandika. Ugoro. Loise. "Angalia simu." Ukungu. Yote yako hapa, kwa mkono wangu mwenyewe, na kila mara nimeandika ni simu. Mimi ambaye hulipwa kuona kifungo kilichopinda kwenye shati la mia tano!

Kwingine, mwanamume akimwita binti yake mama na kumletea ugoro, watu wangeshtuka siku hiyo hiyo. Sisi tulicheka, maana ndivyo desturi yetu ilivyo, na baba mwenye upendo ndivyo anavyotania. Akajificha ndani ya desturi, wala hakujua kuwa amejificha. Sijui ni lini mchezo uliisha kwake. Nikifikiri kwamba huenda alipoleta ule ugoro wa kwanza alikuwa amenitafutia kwa upendo, naye akatazama tukicheka, nashindwa kuandika.

Jumapili, 22 Novemba

Ameuliza tena Mwaitu yuko wapi, mbona haji kanisani. Nimemwambia ukweli kwa upole. Amelia hadi misa ikaisha bila sisi.

Jumatano, 25 Novemba

Ameuliza tena. Nilifungua mdomo, Mama akanivuta jikoni kwa mkono.

"Utamzika Susu mara ngapi?" akaniuliza. Alikuwa na mwiko mkononi na machozi yanamtoka. "Kila siku unamfanyia mtu matanga. Yeye mwenyewe hapati hata siku ya kuanua."

Mvua haijakatika. Maharagwe yametoa maua.

Jumapili, 6 Desemba

Justus amepiga simu. Nilimwambia habari za kadi mbili zilizoungana, akashika hilo kuliko mengine, nadhani kwa sababu ndilo angeweza kulifanyia kitu kutoka kule.

"Hiyo ni rahisi kurekebisha. Tenganisha, weka picha yako. Na msimdanganye mzee, Nduku. Akiuliza, mwambie ukweli. Kumdanganya mzazi ni dhambi."

"Basi njoo umwambie wewe."

"Unajua siwezi kusafiri sasa."

"Najua."

Tukabaki tunasikilizana tukipumua, na pesa zake zinaenda. Mwishowe akasema, "Mimi ananiita nani?" Nikamwambia hakumtaja. Ningeweza kusema uongo hapo pia.

Jumamosi, 12 Desemba

Simu imekufa leo. Rababendi ilikatika yenyewe, betri ikachomoza, kioo kikawa cheupe, basi.

Lakini kompyuta ya Justus ina kila kitu. Kila jina, kila picha, kila ng'ombe tangu mradi uanze. Nikamkalisha Baba mbele yake kama alivyoniomba Oktoba, nikamfungulia nyuso zote zikajaa kioo.

"Zimeongea, Baba. Zote ziko hapa."

Akaziangalia kwa adabu. "Hawa ni akina nani?"

"Ni watu wako. Watu wa ng'ombe."

Akavua kofia. "Habari zenu," akawaambia.

Nikapitisha ukurasa baada ya ukurasa, akitikisa kichwa kwa heshima, hadi tukamfikia mwanamke mwenye kitambaa na jicho lililofinywa na jua. Akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu namjua," akasema, na akanigeukia mimi akitabasamu.

Jumanne, 15 Desemba

Daktari mpya wa ng'ombe amekuja kuchukua mtungi. Baba alimsaidia kuubeba hadi kwenye gari, akamwambia auweke mbali na jua.

Jumapili, 20 Desemba

Nimemnunulia Baba simu ndogo ya tochi, mulika mwizi, ya kuning'inia shingoni mwake akitoka. Haina picha wala kalenda. Nimeweka namba moja tu, yangu. Ikaniuliza jina. Nilikaa nayo muda mrefu uani, nikamfikiria Justus na dhambi zake, nikafikiria mafiga matatu. Kisha nikaandika Mwaitu, nikabonyeza.

Nimemwandikia pia msimamizi kiwandani kwamba Januari wasiningoje.

Alhamisi, 24 Desemba

Mvua imekwisha. Anga imeoshwa hadi vilima vya mbali vinaonekana. Tumevuna maharagwe, na leo tumeketi barazani tukipukuchua, mimi na Baba, beseni katikati yetu. Mama yuko jikoni na muthokoi ya Krismasi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

Baba anapukuchua vizuri. Mikono yake haijasahau kitu. Mara akasimama, akanitazama kwa wasiwasi.

"Mwaitu, mvua imeisha. Nifungulie mbuzi?"

Mbuzi hatujafuga tangu tuhame Kithyoko.

"Fungulia," nikasema. "Lakini usifike mtoni. Kumejaa."

"Sitafika." Alifurahi, akakaa tena, akaendelea na maharagwe. Baada ya muda akanitazama tena. "Na leo hujavuta. Ugoro umekwisha?"

Nikaingia ndani, nikachukua kikaratasi kimoja kwenye mkebe, kile cha juu, nikarudi. Nikakifungua mbele yake. Nikamimina kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba, kama Susu alivyokuwa akifanya, nikavuta kwa nguvu kwa matundu yote mawili ya pua.

Sikujua unachoma hivyo. Nilipiga chafya ya kweli, na nyingine, na nyingine, maharagwe yakamwagika, na Baba akacheka, akacheka huku amejishika mbavu, kicheko cha mtoto aliyemwona mama yake anachekesha. Mama akachungulia dirishani kuuliza kuna nini.

Machozi yakanitiririka hadi kidevuni. Nikamwambia ni ugoro.